Mwaka Nilioitwa Bwana Winfred

Mwezi uliopita Mutua alitualika nyumbani kwake Njiru, sisi wachache tuliobaki wa karakana ile ya mtaa wa Baba Dogo. Ni nyumba aliyoijenga polepole, kwa miaka mingi, na hadi leo nondo zimechomoza juu ya paa zikingoja ghorofa ambayo mkewe ameshaacha kuiulizia. Tulikula pilau na kachumbari, tukasimuliana habari za magoti yanayouma na watoto waliokwenda ng'ambo, na chai ilipoanza kumiminwa, binti yake wa pili akatoka chumbani na mtoto mchanga, akaja moja kwa moja akamlaza mapajani mwangu. "Msalimie wajina wako," Mutua akasema. Nilimfunua uso, nikaanza kumsifu kama tunavyosifu wasichana, macho mazuri, mama yangu mdogo, mpaka binti akacheka akaniambia kwamba ni mvulana. "Anaitwa Winfred." Sebule nzima ikaangua kicheko. Mkewe Mutua akapaza sauti kutoka jikoni: "Mimi nilikataa! Nilimwambia hilo ni jina la wasichana. Kanisani kwetu kuna Winfred watano na wote wanavaa marinda." Mutua hakucheka. Alikunja mikono yake, ile mikono ambayo bado ina makovu ya chuma cha moto, akasema, "Muulizeni mwenyewe kama ni la wasichana." Wote wakanigeukia. Mtoto alikuwa amenishika kidole kwa nguvu iliyonishangaza, na swali lile niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka kumi na tisa, mbele ya wanaume wawili na mlango uliokuwa wazi, na jibu nililolitoa siku ile ndilo lililonipa maisha haya niliyonayo. Pale kwa Mutua nilisimulia kidogo tu. Hapa nitasimulia yote.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuja kukaa mtaa wa Lucky Summer kwa shangazi yangu Rispa, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua ya manjano. Upande wa mlango palikuwa na jiko, meza na viti viwili. Upande wa pili kitanda ambacho tulilala wawili, yeye ukutani kwa sababu aliamka mapema na kupenda kunikanyaga anaposhuka, alisema ili nisizoee usingizi wa mchana. Vyumba vilikuwa kumi kuzunguka ua mmoja wenye bomba moja, na upepo ukivuma kutoka ng'ambo ya mto ulituletea moshi wa jalala la Dandora, basi wanawake wakakimbia kuanua nguo kabla hazijanuka. Katika ua huo tulikuwa Winfred watatu. Mmoja alikuwa mama wa watoto wanne, akaitwa Winfred Mkubwa. Mwingine alikuwa mtoto wa darasa la pili, Winfred Mdogo. Na mimi nilipofika nikaitwa Winfred wa Rispa. Hakuna aliyewahi kushuku kwamba jina hilo lingeweza kuwa la mtu mwingine yeyote isipokuwa msichana. Lilikuwa kama Mercy au Beatrice, jina la ubatizo la kawaida kabisa, la kuandikwa kwa sindano na uzi kwenye vitambaa vya viti.

Shangazi alikuwa kibarua katika kiwanda cha makopo, upande wa ufungaji. Kila asubuhi alisimama kwenye mstari wa wanawake langoni, nyapara akapita akiwahesabu kwa kidole, na walioguswa waliingia. Ni yeye aliyeniletea habari kwamba kiwanda kinatafuta vijana sita wa kufundishwa ufundi wa mitambo. Alilikuta tangazo limebandikwa karibu na choo, akalikariri kichwani kama anavyokariri mistari ya Biblia, akaja akanisomea huku akikata sukuma. Shuleni nilisoma ufundi wa chuma, tukiwa wasichana wawili katika darasa la wavulana thelathini, na niliupenda kuliko kitu chochote. Niliandika barua kwa mwandiko wangu bora nikaweka sahihi kama jina lilivyokuwa kwenye cheti changu: Winfred N. Wafula. Ile N ilikuwa Nekesa, jina la kwetu la msichana. Sikuificha. Karani wa shule ndiye aliyeikata, miaka iliyotangulia, kwa sababu nafasi kwenye fomu ilikuwa fupi, nami niliamini kwamba nisipoandika kama cheti kinavyosema nitaitwa mwongo.

Jibu lilikuja kupitia sanduku la posta la kanisa. Mzee wa kanisa alilileta mwenyewe Jumamosi mchana, wanawake wakiwa wamekaa uani wakichambua maharagwe, na kwa kuwa barua yenye bahasha ndefu ilikuwa mali ya ua mzima, nilitakiwa niisome kwa sauti. Nilianza vizuri. "Kwa Bwana Winfred N. Wafula." Nikanyamaza. Winfred Mkubwa akaacha maharagwe. "Kwa nani?" Nikarudia. Kicheko kilichofuata kilimwamsha mtoto wa jirani. "Bwana Winfred! Jamani, Rispa, umeniletea shemeji!" Mwingine akasema nitafute suruali kabla ya Jumatano, siku niliyoitwa kwenye mtihani. Na mimi nilicheka, kisha nikaona kwamba shangazi hakucheka. Aliichukua barua, akaiangalia mbele na nyuma, akaikunja katika mikunjo ileile iliyokuja nayo. Usiku tulipozima taa nilimwambia kwamba wamekosea, na nikienda watanifukuza, na pengine wakijua mimi ni mtu wake watamwacha nje ya mstari. Alinigeukia. "Mimi nimesimama kwenye ule mstari miaka saba," akasema. "Sijawahi kuandikiwa barua. Wewe umeandikiwa. Utakwenda."

Jumatatu nilikwenda maktaba ya Kaloleni. Sijui hasa nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka niwe na kitu mkononi watakaponiuliza. Mama wa maktaba, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, aliniletea kitabu kizito cha majina ya Kiingereza, akasimama nyuma yangu asome pia. Kitabu kilisema kwamba Winfred ni jina la Kiingereza cha kale, lililounganishwa kutoka maneno mawili, la kwanza likiwa na maana ya rafiki na la pili amani. Kilisema ni jina la kiume. Waliitwa hivyo watu wa zamani sana, mmoja wao mtawa aliyesafiri nchi za mbali kuhubiri na ambaye husemwa aliuangusha kwa shoka mti uliokuwa ukiabudiwa. Kisha jina likafifia, likaja kufufuliwa kidogo na wazee wa karne iliyotangulia. Chini yake kulikuwa na jina jingine, Winifred, lenye i katikati, ambalo lilikuwa la kike na lilitoka kwa watu wa Wales, lenye mizizi yake tofauti kabisa. Majina mawili, watu wawili, herufi moja kati yao. "Kumbe," nikasema. Yule mama akacheka taratibu. "Hapa kwetu hiyo i ilianguka. Makarani walikuwa na haraka, wazazi hawakusoma hizo tofauti, na sasa wasichana wote wanabeba jina la mtawa mwenye shoka." Akanitazama. "Na unajua nini? Limekuwa lao. Jina ni la anayeitwa." Nilirudi nyumbani kwa miguu nusu ya njia, nikiwa nimevunjika moyo kidogo. Rafiki wa amani! Nilikuwa nimetumaini maana yenye chuma ndani yake.

Jumatano nilifika langoni na shangazi, yeye akaenda kwenye mstari wake na mimi nikaenda pale walipokuwa wamesimama vijana watano wenye bahasha. Mmoja wao, mrefu, shati limechomekwa mpaka linavuta mabega, alinitazama kwa huruma. "Sasa siste. Umepotea. Laini ya vibarua iko huko." Huyo alikuwa Mutua. Nilimwonyesha bahasha. Aliisoma, akaangalia uso wangu, akasoma tena, akasema, "Wee! Hii ni noma," na akasogea kando kunipa nafasi. Soja, mlinzi wa langoni, alituita majina. Alipofika kwa Bwana Winfred Wafula nikaitikia, naye akaendelea kutazama juu ya kichwa changu akimtafuta mwenye jina.

Ofisini kulikuwa na wanaume wawili. Mmoja alikuwa Bwana Holloway, mhandisi Mwingereza aliyekuja kwa mkataba wa miaka mitatu, mwekundu shingoni, mwenye kalamu nne mfukoni. Mwingine alikuwa Mzee Ombati, fundi mkuu wa karakana, mfupi, mpole wa sauti, ambaye ovaroli lake lilipigwa pasi hadi likawa na mstari kama suruali ya harusi. Bwana Holloway aliponiona aliinuka nusu, akakaa. "Namngoja Winfred Wafula," akasema kwa Kiingereza. Nikamwambia ndiye mimi. Alifungua faili, akaangalia barua yangu kwa muda. "Mjomba wa babu yangu aliitwa Winfred," akasema, kana kwamba analalamika. "Alikuwa na ndevu mpaka hapa." Mzee Ombati akafunika uso kwa kiganja. "Bwana, ungeniuliza mimi. Nchi hii Winfred ni msichana, siku zote ni msichana. Ningeiona hiyo barua ningekwambia." Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu nilielewa maana yake: ingepita mikononi mwake kwanza, isingefika mezani. Nilikuwa nimeingia chumba kile kwa mlango wa ujinga wa mgeni.

Kisha akanigeukia, akazungumza nami kama baba. "Sikiliza, msichana wangu. Karakana haina mahali pa wewe kubadilishia nguo. Chuma ni kizito. Nywele zikishikwa na mashine, hutuoni tena. Upande wa ufungaji nitakuombea nafasi, hata leo." Mlango ulikuwa wazi na kupitia huo niliona vijana watano wamesogea karibu, wakisikiliza.  Bwana Holloway akauliza, si mimi hasa bali hewa iliyokuwa katikati yetu, "Lakini jina hili ni la kiume au la kike?" Na hapo ndipo nilipopata sauti. Nilisema kwamba nimelitafuta kitabuni, ni la kiume kwao na la kike kwetu, na kwamba maana yake ni moja kote kuwili. Nikasema, "Lakini barua hii haikuita mwanamume wala mwanamke, bwana. Ilimwita mtu aliyepata alama hizi za ufundi wa chuma. Alama hizo nilizipata mimi. Mkinikataa baada ya mtihani nitakwenda nyumbani bila neno. Mkinikataa kabla, mtakuwa mmelikataa jina, si mimi." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilipomaliza nilitaka kuyarudisha. Bwana Holloway alimtazama Mzee Ombati, Mzee Ombati akatazama saa ukutani. "Afanye mtihani," akasema. "Tusipoteze asubuhi."

Tulipewa vipande viwili vya chuma kila mmoja. Kimoja ulitakiwa ukichonge kwa tupa mpaka kiwe mraba kamili. Kingine ukitoboe tundu la mraba, na cha kwanza kiingie humo, kwa pande zake zote nne, bila kulazimishwa na bila kupwaya. Muda ulikuwa mpaka king'ora cha saa saba. Nilipewa jiliwa la mwisho, kibanio cha kushikia chuma, karibu na ukuta, lililofungwa juu mno kwa kimo changu, nikatafuta ubao nikasimama juu yake. Mutua alianza kwa kasi, matone ya jasho yakimruka. Mimi nilianza kwa kuomba chaki. Mwalimu wangu alinifundisha kuipaka chaki tupa ili vumbi la chuma lisigande kwenye meno yake na kukwaruza kazi, na alinifundisha kupaka masizi kidogo ndani ya tundu, kisha kuingiza kipande na kukitoa, ili pale kilipogusa pajionyeshe peusi. Unachonga peusi tu. Unapaka tena. Ni kazi ya subira, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa na subira nyingi kuliko nilivyodhani. Saa sita wavulana wawili walikuwa wamemaliza na kukaa. Sikuwatazama. King'ora kilipolia nilikuwa nafuta masizi kwa upindo wa sketi.

Mzee Ombati alipita akikusanya. Vya wengine alivitikisa, vikalia. Cha Mutua kiliingia pande tatu, wa nne ukakataa. Changu alikiingiza, akakitoa, akakizungusha, akakiingiza tena, mara nne, kisha akakiinua juu kuelekea dirishani atafute mwanga unaopenya. Alisimama hivyo kwa muda ambao hadi leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Bwana Holloway alikuja akasimama naye. "Unaona chochote?" akauliza. "Hapana," Mzee Ombati akajibu. "Hakuna mwanga." Akakishusha, akanitazama miguuni, nilivyosimama juu ya ubao. "Nani alikufundisha chaki?" Nikamtaja mwalimu wangu. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali. "Miezi mitatu ya majaribio," akasema. "Na nywele uzifunge."

Walitupokea wote sita, maana nafasi zilikuwa sita. Nakumbuka nilitoka nje, jua likanipiga usoni, na wanawake wa ufungaji walikuwa wamekaa chini ukutani wakila githeri, mahindi na maharagwe, kwenye vifuniko vya makopo. Shangazi aliniona. Hakuinuka, maana muda wa chakula ulikuwa mfupi na nyapara alikuwa karibu. Aliinua kijiko tu, hewani, akakishikilia pale hadi nilipopita.

Mwaka ule ulinifunza kwamba jina lina kazi nyingi kuliko kuitikiwa. Katika karakana waliligawa. Wavulana walichukua kipande cha nyuma wakaniita Fredi, na mwanzoni nilifurahi, kwa sababu Fredi alikuwa mmoja wao, alibeba chuma chake mwenyewe na kutukanwa kama wao. Wanawake wa ufungaji walichukua kipande cha mbele wakaniita Win, na Win alikuwa mtoto wao, waliyemwekea parachichi na kumwonya kuhusu wavulana. Nilivaa ovaroli nyumbani kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kubadilishia, nikatembea nalo kutoka Lucky Summer hadi Baba Dogo na kurudi, na watu waliacha kushangaa baada ya wiki mbili. Lakini saa ya chakula sikujua pa kukaa. Wanaume walikula kwenye meza za kazi wakizungumza mpira. Wanawake walikula ukutani wakizungumza waume. Siku moja, nikitafuta tupa ndogo nyuma ya stoo, nilimsikia Mzee Ombati akimwambia Bwana Holloway, bila chuki, kwamba nina mkono mzuri na ni hasara, kwa sababu kabla ya Agosti nitakuwa nimeolewa na kazi yote ya kunifundisha itakwenda jikoni. Nilikaa nyuma ya zile rafu mpaka wakaondoka. Jioni Mutua akaniita Fredi, nikamwambia, "Jina langu ni Winfred." Akasema ni refu. Nikamwambia herufi saba, na lake tano, tofauti ni mbili tu, atazimudu. Alicheka sana, lakini tangu siku hiyo aliniita jina zima, na wengine wakafuata. Siku iliyofuata nilikula githeri yangu nimekaa kwenye kizingiti cha karakana, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na baada ya muda Mutua akaja akakaa pia, kisha Winnie, msichana mmoja wa ufungaji, kisha watu wakaacha kuhesabu nani amekaa wapi.

Agosti ilipita. Mzee Ombati aliniona bado niko pale, sijaolewa. Alikuwa amenihamishia kwenye kerezo, ile mashine inayozungusha chuma mbele ya kisu mpaka kiwe duara safi, na alisimama nyuma yangu siku nzima akinifundisha kusikia. "Usiangalie tu. Sikia. Kisu kikishiba hulia tofauti." Wakati huo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kila alipopima alishika kile kipimio chetu kidogo cha maikromita, akakipeleka mbali na uso, akakirudisha karibu, halafu akanipa mimi. "Soma kwa sauti," alisema, "ili hawa wengine wajifunze." Nilisoma kwa sauti. Siku moja nilikosea makusudi kwa mstari mmoja nione kama atanisahihisha. Hakunisahihisha. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa mistari ile midogo. Nilijirekebisha haraka, nikasema nimeteleza, na uso ukanichoma kwa aibu ya kumtega mzee. Sikumwambia mtu, wala Mutua, wala shangazi. Niliendelea kusoma kwa sauti, wavulana wakidhani ni somo.

Oktoba mashine kubwa ya kufunga vitako vya makopo ilikatika shafti, ule mhimili wa chuma unaobeba mzunguko wake wote. Ilipasuka kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Mpya ilitakiwa kuagizwa ng'ambo, ingechukua miezi miwili, na bila mashine ile ufungaji haukuwa na kazi. Wanawake waliambiwa wasije hadi waitwe. Nilirudi nyumbani nikamkuta shangazi amekaa mlangoni mchana mweupe, amefua mapazia, amefua mashuka, amefua hata kamba ya kuanikia. Sikuwahi kumwona akiwa hana la kufanya. Nilipomwekea chai akasema, "Wewe si unazungusha chuma?" Nikasema ndiyo. "Na hiyo iliyokatika si chuma?" Nikaanza kumweleza ugumu wake, vipimo, aina ya chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake. "Sawa," akasema. "Lakini ni chuma."

Asubuhi nilimwendea Mzee Ombati. Nilimwambia kwamba kwenye stoo kuna gogo la chuma cha kufaa, na kwamba tukipima vipande vilivyovunjika tunaweza kuitengeneza wenyewe. Alikataa, kisha akaenda kuliangalia gogo, kisha akaligonga kwa nyundo akalisikiliza likilia. "Nani atapima?" akauliza, taratibu, bila kunitazama. "Nitasoma kwa sauti," nikasema, "kama siku zote." Aliinua macho. Hapo nilijua kwamba anajua kwamba najua.  Bwana Holloway alitupa wiki moja, akisema tukiharibu tutakuwa tumeharibu chuma tu.

Tuliharibu. Siku ya tatu, umebaki unene wa nywele chache tu wa kukata, nilisikia wanaume wakiingia kutazama, nikataka waone nilivyo hodari, nikasukuma kisu kabla ya kusikia. Kilikula zaidi. Nilipopima, nikasoma kwa sauti, namba ikawa imepungua kuliko iliyotakiwa.  Nilingoja Mzee Ombati aseme kwamba alijua. Alilitoa gogo lile kwenye mashine kwa mikono yake, akaliweka sakafuni taratibu kama mtoto aliyelala, akasema, "Mutua, lete jingine kutoka stoo. Winfred, kanywe maji." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina. Nilikunywa maji, nikarudi, nikaanza upya. Safari hii nilifunga macho kila kisu kilipokaribia mwisho, nikasikia. Siku ya saba, saa nne asubuhi, nilipima mara tano, nikasoma mara tano, na mara zote tano ilikuwa namba ileile.

Kila kazi iliyotoka karakana ilikuwa na kadi yake, na mahali palipoandikwa fundi, Mzee Ombati aliandika jina lake, hata kama kazi ilifanywa na mwanafunzi. Ndiyo iliyokuwa desturi. Siku hiyo aliitoa kadi mfukoni, akaitandaza juu ya meza, akanipa kalamu. "Andika. Lote, usikate." Nikaandika Winfred Nekesa Wafula, herufi moja moja, mpaka ukingo wa kadi. Alichukua kadi akaishika mbali, kisha karibu, kisha akampa Mutua. "Msomee Bwana Holloway," akasema. Mutua alilisoma kwa sauti ambayo, nadhani, hata soja wa langoni aliisikia.

Waliwaita wanawake siku iliyofuata. Hapakuwa na mstari. Waliingia wote pamoja, na nyapara akasimama kando. Tulikuwa tumeifunga shafti, tumeitia grisi, na mafundi wote walikuwepo, na Bwana Holloway na kalamu zake. Mzee Ombati alinionyesha kitufe cha kijani, akarudi nyuma hatua tatu. Nikakibonyeza. Mashine ilinguruma, ikayumba kidogo, kisha ikashika mzunguko wake, sauti ikawa moja, nyororo, ile ya kisu kilichoshiba vizuri. Kopo la kwanza likateremka likiwa limefungwa kitako. Bwana Holloway alinyoosha mkono alichukue, lakini shangazi Rispa alikuwa karibu zaidi. Alilichukua, akaenda nalo bombani, akalijaza maji hadi karibu na mdomo, akalipangusa nje, akarudi katikati ya sakafu. Siku hiyo alikuwa amevaa kichwani kitambaa chake cheupe cha Jumapili. Aliliinua lile kopo kwa mikono miwili, juu kabisa ya kichwa chake, akasimama, na wanawake wote wakatazama kitambaa, maana kitako kikivuja, tone lingeonekana pale. Tulingoja. Mutua alikuwa ameushika mkono wangu bila kujua. Halikudondoka hata tone moja, na shangazi, mikono ikiwa bado juu, akapiga kigelegele cha kwanza.